Mgonjwa Mahututi Asiyesema Bado Anasikia

Kwa nini mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia hawezi kusema?
Mpira wa kupumulia hupitishwa kinywani, katikati ya nyuzi za sauti, hadi kwenye njia ya hewa. Hewa haizifikii tena nyuzi hizo, na bila hewa hakuna sauti.

Kwa hiyo hasikii?
Anasikia. Kilichozibwa ni koo, si masikio.

Hata akiwa amepewa dawa za usingizi?
Hata hapo, mhesabu kuwa anasikia. Mara nyingi dawa hizo ni za kumtuliza tu, na wapo waliopona wakatusimulia maneno yaliyosemwa juu ya vitanda vyao. Naona ndugu wamekizunguka kitanda wakijadili madeni, watoto watabaki na nani, hata mazishi. Naona na wauguzi wenzangu wakimgeuza mgonjwa huku wakipiga soga zao, yeye hawajamwambia neno. Jamani, tuache. Mwite kwa jina, jitambulishe, mweleze unachotaka kufanya kabla hujamgusa.

Nimuulizeje?
Swali moja la ndiyo au hapana, kisha subiri. Subiri kweli, maana mwili uliochoka hujibu polepole. Kupepesa macho mara moja iwe ndiyo, mara mbili hapana, na ishara hiyo iandikwe juu ya kitanda. Zamu ya usiku ikija na ishara yake, mgonjwa huchanganyikiwa. Kubana mkono peke yake sikuamini sana, kwa sababu vidole vinaweza kujikunja vyenyewe. Mwambie auachie pia. Mwenye nguvu apewe kalamu, au ubao wa herufi na picha. Na kabla ya yote hayo, mvishe miwani yake na kifaa chake cha kusikia, kama anavyo. Vinasahaulika kabatini siku nzima!

Anahangaika, anavuta mipira. Aongezewe dawa ya usingizi?
Mshike mkono asije akaung'oa mpira, umuulize kwanza. Unaumwa? Unakosa hewa? Una kiu? Nimewahi kuona mgonjwa akiitwa mkorofi na kufungwa mikono, kumbe makohozi yamejaa kwenye mpira. Asiyeweza hata kupepesa, msome mwilini: paji limekunjamana, viungo vimekakamaa, anashindana na mashine. Huenda ni maumivu.

Siku ya tatu hajibu chochote. Bado niongee naye?
Ongea naye. Mhesabu kuwa anasikia.