Umependa sanaa tangu utoto, sasa unataka iwe biashara: soma hii kabla hujaja kaunta

Tangu amri ya Julai 2025 itoke, ile inayowazuia wasio raia kufanya biashara 15 zilizotajwa, kaunta yetu ya leseni za biashara hapa Arusha imejaa watu wa sanaa. Sababu inaeleweka, kwenye orodha ile yamo na maduka ya kyurio, yaani vinyago na kumbukumbu za watalii, watu wanaona nafasi imefunguka na wanaona sawa kabisa. Anakuja mwalimu mstaafu ambaye miaka yote ya kazi alikuwa anachora usiku, sasa ana kiinua mgongo na chumba cha mbele barabarani. Anakuja mama wa Ngaramtoni aliyefundishwa shanga na bibi yake tangu akiwa binti. Anakuja kijana wa Kijenge anayechonga, miaka yote kazi zake zinauzwa na maflaikacha, wale wanaofukuzia watalii mtaani, pale Mnara wa Saa na yeye anaambulia hela ya supu. Hawa wote nataka wafanikiwe, na wengi wanakwama kwenye vitu vidogo ambavyo vingeandaliwa nyumbani, ndio maana naandika.

Nianze na amri yenyewe maana malalamiko mengi yanatoka hapo. Ukimwazima mgeni jina lako, yaani leseni inasoma wewe ila duka ni lake, hela ni zake, wewe unapewa posho ya mwezi, hapo umemsaidia kuvunja sheria. Adhabu yako wewe raia ni faini ya milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Yeye faini yake haipungui milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, na anafutiwa visa na kibali cha ukaazi. Sasa mtu ananiambia "yeye ni rafiki yangu tu, ananisaidia mtaji". Sawa, inawezekana, sisi hatumhukumu mtu kwa urafiki. Lakini kama hujui hata bei ya jumla ya bidhaa zilizoko kwenye duka lako mwenyewe, afisa akija kukagua utamwambia nini? Kama mna mpango wowote na mgeni njooni na karatasi zenu muulize kabla ya kusaini. Mgeni anayenunua kazi yako kwa jumla akaenda kuuza kwao huyo ni mteja, muuzie bila hofu, mpe na risiti.

La pili ni hili la "mimi ni msanii, wasanii hatulipi kodi, nina cheti cha BASATA". Naomba tuelewane vizuri hapa kwa sababu kila wiki narudia. BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ipo kwa sheria ya mwaka 1984 na kazi yake ni kusimamia na kukuza sanaa, inamsajili msanii na kutoa vibali vya kazi za sanaa. Jisajili huko, ni muhimu. Lakini cheti kile hakikuruhusu kufungua fremu na kuuza. TIN, namba ya mlipakodi, nayo sio leseni. Jina la biashara la BRELA, wakala wa usajili wa biashara, nalo sio leseni. Na leseni sio ulinzi wa michoro yako. Ni karatasi nne za ofisi nne tofauti, moja haifanyi kazi ya nyingine, na mtu akikwambia anakumalizia zote kwa laki tatu ujue unamlipa dalali kwa vitu ambavyo ungevifanya kwa simu ukiwa kwenye kochi.

Utaratibu uko hivi. TIN ni bure, narudia ni bure, unaiombea kwa namba ya NIDA. Ukishaipata andaa mkataba wa pango, na mkataba uende TRA ukalipiwe ushuru wa stempu. Kwenye pango la biashara kuna kodi ya zuio asilimia 10, anayeipeleka serikalini ni mpangaji lakini inakatwa kwenye hela ya mwenye nyumba, kwa hiyo kabla hujampa mzee mwenye fremu hela ya mwaka mzima mkononi ongeeni hilo kwanza, la sivyo utailipa wewe juu ya pango na itakuuma. Halafu TRA wanakufanyia makadirio na kukupa hati ya uthibitisho wa kulipa kodi. Anayeuza kidogo asiogope, kwa mfanyabiashara mdogo aliye kwenye utaratibu wa makadirio, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayadaiwi kodi ya mapato, ila TIN anayo na kumbukumbu anaandika. Kununua daftari na kuandika kila unachouza ni kazi ya dakika tano jioni, sijui kwa nini hili linakuwa gumu. Baada ya hapo unaingia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, unaomba leseni, inatoka namba ya malipo, unalipa, unachapa leseni yako na kuibandika ukutani. Ni ya miezi 12 tu. Ikiisha usisubiri tukufuate, kuchelewa kuna faini, na kufanya biashara bila leseni ni kosa chini ya sheria ya mwaka 1972, hii haijaanza jana.

Juzi kati tumerudisha ombi moja la mama wa shanga. TIN inasoma jina lake, mkataba wa pango unasoma jina la mume, na kwenye aina ya biashara ameandika "sanaa" basi. Sanaa ipi mama? Unachora, unauza vitu vya wengine, unafundisha, unakodisha vifaa? Leseni inaenda kwa shughuli unayofanya. Alikasirika, nikamwelewa, maana kazi zake ni nzuri mno. Alikuwa na mkufu mpana wa shingoni wa shanga za kioo za Czech, rangi zimepangwa kwa mikono iliyokaa na hiyo kazi miaka, hakuna fundo hata moja linaloonekana kwa nyuma. Nikamuuliza bei, akasema elfu 25. Nikamuuliza shanga zenyewe alinunua kiasi gani, akahesabu akafika elfu 14, bado uzi, waya na nauli ya daladala. Umekaa nao siku ngapi? Nne. Yaani siku nne anafanya kazi kwa chini ya elfu 11, halafu dereva wa watalii akileta mgeni anataka na yeye kamisheni yake humohumo.

Hapo ndipo naona watu waliopenda sanaa maisha yao yote wanaumia kuliko mfanyabiashara wa kawaida. Muuza mchele hawezi kusahau kuhesabu nauli. Lakini mtu anayependa kazi yake anaona muda wake ni raha yake, anaona aibu kuutoza. Itoze siku yako jamani. Chukua malighafi, weka siku ulizokaa kwa ujira ambao wewe mwenyewe ungemlipa fundi, weka pango, weka kamisheni ya dereva kama unampa, halafu ndio uweke faida. Na ukumbuke Aprili na Mei mvua za masika zikikolea watalii wanapungua, kambi nyingine zinafungwa, pango la fremu halisimami, kwa hiyo bei ya Julai na Agosti lazima ibebe na miezi ile.

Kuhusu haki za kazi yako nitasema kwa kirefu kidogo maana hapa ndipo mnapoibiwa mchana kweupe. Ukichora picha hakimiliki ni yako tangu umeimaliza, haisubiri cheti, na inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, watoto wako wanairithi. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Mtu akinunua picha amenunua turubai lile moja la kutundika ukutani, hajanunua ruhusa ya kuichapa kwenye fulana, vikombe na menyu za hoteli. Lodge ikikupa oda ya picha 12 za vyumbani, kabla hujachanganya rangi iandikwe: picha ngapi, ukubwa gani, malipo ya awali kiasi gani, wanaruhusiwa kuzichapa wapi na kwa muda gani. Nyuma ya kila picha andika jina lako, mwaka na vipimo, kisha ipige picha mbele na nyuma. Wasanii wanakuja kulia wakati meseji zenyewe za WhatsApp wameshazifuta, sisi tufanyeje?

Na kama una jina au nembo unayotaka watu wakukumbuke nayo, kusajili jina la biashara hakutoshi, sajili alama ya biashara hukohuko BRELA. Inadumu miaka 7 ya kwanza, halafu unaihuisha kwa miaka 10 kila mara. Upande wa Zanzibar una usajili wake, wa kwetu haufiki kule.

Hili la AFCON 2027 nalo. Uwanja unajengwa Olmoti, tumefurahi wote, na tayari kuna watu wanaulizia mashine za kuchapa fulana. Chapa Meru, chapa Kilimanjaro, chapa twiga, chapa maneno yenu ya Chuga, Arusha yetu hii, mpaka mchoke. Nembo ya mashindano na ya CAF usiiguse bila kibali cha maandishi, ina mwenyewe. Tume ya Ushindani inasimamia sheria ya alama za bidhaa, wakija wanakamata mzigo wote, na mkopo wa mashine unabaki palepale.

Wachongaji, mbao ya mpingo nunueni yenye karatasi za TFS, wakala wa misitu, na mzihifadhi hizo karatasi. Tangu 2017 mpingo uko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo ukipata mteja wa kontena nje ya nchi uliza vibali kabla ya kupokea hela yake. Pembe, kucha, meno, ngozi za wanyamapori, hata kama uliokota, hata kama ni urembo mdogo tu wa kumalizia mkufu, achana navyo. Kukutwa na nyara za serikali bila kibali ni kesi nzito, watu wanafungwa miaka 20, na mahakamani hakuna atakayejali kwamba ilikuwa sanaa.

Mtaji upo. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ilirudi 2024, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba, na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nao unakopesha wasanii. Kwa mkopo wa halmashauri anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu, mkiwa kikundi kinachofanya kazi kweli, sio watu waliokutana stendi asubuhi ile. Na kwa wale wa leseni, kabla ya kuingia TAUSI hakikisha jina la kwenye TIN na la kwenye mkataba wa pango ni lilelile, kama mkataba una jina la mume au la kaka, mwombe mwenye fremu auandike upya kwanza.