Kipande cha Siku Thelathini

Ninapofundisha sheria ya kazi, wanafunzi wengi huanza kwa kudhani kwamba uhuru wa mfanyakazi hupimwa kwa ukubwa wa mshahara wake. Mimi huwapeleka kwanza kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga.

Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, na haikuchukua muda kabla walowezi kugundua kwamba wana ardhi lakini hawana watu, kwa kuwa mwenye mahindi na migomba yake hakuona sababu ya kwenda kumkatia mgeni majani yenye miiba. Serikali ya Kijerumani ikatoza kodi ya nyumba, na kule Usambara mwaka 1907 ikagawa kadi zilizomlazimu mwanamume kumfanyia mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi minne. Wakoloni waliuita moyo ule wa kukataa kazi uvivu. Mimi nauita nguvu ya kupatana bei.

Chini ya Waingereza kipande, yaani kadi ya kuhesabia siku za kazi, kilibaki. Aliyemaliza ngwe yake aliandikiwa siku moja, na kwa kawaida mshahara ulitoka kipande kilipojaa siku 30, hivyo aliyechoka siku ya ishirini na mbili alijua kwamba akiondoka anaacha jasho lake nyuma. Manamba, yaani vibarua wa mkataba walioandikishwa mbali, kama Kigoma au Songea, walibanwa zaidi, kwani kambi, posho na dawa vyote vilikuwa vya mwajiri yuleyule. Mbondei wa jirani aliweza kugombana na nyapara na kurudi kwenye mihogo yake, ilhali manamba akigombana naye alipoteza kazi, chakula na mahali pa kulala kwa siku moja.

Uhuru haukulimaliza jambo hili. Mwaka 1964 shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilivunjwa ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, na Michael Kamaliza akawa Waziri wa Kazi na papo hapo Katibu Mkuu wa chama hicho, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ikawa pia mmiliki wa sehemu kubwa ya mkonge. Mfanyakazi mwenye malalamiko alibisha hodi milango mitatu, akafunguliwa na mwenyeji mmoja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi, na aliyeachishwa isivyo haki ana siku 30 za kulalamika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sheria hiyo inamtaka pia mwajiri amsafirishe aliyeachishwa hadi alikoajiriwa, au amlipie usafiri, na kumpa posho ya kujikimu akisubiri usafiri. Kwangu kifungu hicho cha usafiri, ambacho wanafunzi hukiruka, kina uzito kuliko vingi, na ndiyo maana anayekuja kwangu na barua ya kuachishwa kazi simwulizi kwanza alikuwa akilipwa kiasi gani. Namwuliza nyumba anayolala ni ya nani.