Kusawazisha faili si kuweka nakala ya akiba

Mwezi huu pekee, wateja watatu hapa Goma wameniambia jambo lile lile: "Faili zetu ziko kwenye wingu, kwa hiyo nakala ya akiba tunayo." Nasimamia faili za mashirika madogo ambayo watu wake wametawanyika katika miji mbalimbali, na hakuna dhana inayoniumiza kama hii, kwa sababu wanaoiamini hugundua kosa lao siku ile ambayo hakuna tena la kufanya.

Wingu wanalolisema, yaani hifadhi ya faili mtandaoni kama Google Drive, huendeshwa na programu ya kusawazisha. Kazi ya programu hiyo ni kuhakikisha kwamba kilichomo kwenye kompyuta ya Goma ndicho kilichomo kwenye ile ya Bukavu, ya Butembo na ya Kinshasa, nayo haina uwezo wa kutofautisha kazi na kosa. Mtu akifuta folda, folda inafutika kote. Akihifadhi jedwali lililoharibika juu ya lile zima, lililoharibika ndilo linalosambazwa. Kirusi kikifunga faili ili mwenyewe adaiwe fedha, zilizofungwa zinapandishwa mtandaoni kwa uaminifu ule ule. Nakala ya akiba, kinyume chake, ni ile inayobaki jinsi ilivyokuwa hata wenzake wote wakibadilika.

Niliitwa na shirika moja la watu watano, mratibu akiwa Himbi, mtaa wa hapa Goma, na wengine Beni, Butembo na Bukavu, wote wakitumia akaunti moja ya Google kwa nywila moja. Kompyuta ya kijana mmoja ilikuwa imejaa, naye akafuta folda yenye orodha za wanufaika na picha za visima, akiamini kwamba anafuta nakala yake mwenyewe tu. Hakuna aliyeitafuta folda hiyo hadi wiki sita baadaye, mfadhili alipoomba ripoti. Tupio la Google Drive, yaani mahali faili zilizofutwa zinapowekwa kwanza, hufuta kabisa kila kilichokaa humo siku 30. Nilikaa na mratibu mbele ya skrini, akafungua tupio, nalo lilikuwa tupu. Akalifunga, akalifungua tena. Tulimaliza alasiri nzima tukipekua viambatisho vya barua pepe za zamani, kimoja baada ya kingine. Orodha ya Machi tuliipata. Ya Aprili haikupatikana.

Ndiyo maana nawasihi wateja waulize kwanza faili iliyofutwa inakaa siku ngapi, kabla ya kuuliza wanapewa gigabaiti ngapi. Katika huduma nyingine za wingu, akaunti ya bure ya Dropbox inatoa siku 30; OneDrive ya kazini, kwa mpangilio wake wa kawaida, inatoa 93. Tofauti hiyo ingeliokoa shirika lile.

Wengine hunijibu kwamba kampuni kubwa haiwezi kupoteza kitu. Tarehe 10 Machi 2021, kituo cha data cha OVHcloud, kampuni inayohifadhi data za wateja, mjini Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, jengo moja likateketea lote, na wateja ambao hawakuwa na nakala mahali pengine walipoteza data zao. Mwaka huo huo, tarehe 22 Mei, volkano ya Nyiragongo ililipuka, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji wetu ikaamriwa kuhama. Wale ambao kazi yao yote ilikuwa kwenye diski ya ofisini waliiacha nyuma ya kufuli bila kujua kama wataikuta. Kwa hiyo simwambii mtu achague wingu au diski. Kila timu ninayoihudumia huwa na vyote viwili: wingu kwa ajili ya kazi ya kila siku, na diski ya nje inayonakiliwa kila Ijumaa, ikachomolewa (diski iliyoachwa imechomekwa hufungwa na kirusi pamoja na kompyuta), ikalala katika nyumba nyingine. Mara moja kwa mwezi, mtu mmoja achukue faili yoyote kutoka kwenye diski hiyo na kuifungua, kwa maana nakala ambayo haijawahi kufunguliwa siihesabu.

Kuna mtego hapa ambao umewanasa hata mafundi. Hati za Google Docs zinazoonekana ndani ya folda ya kompyuta ni vielekezi tu, vyenye anwani ya hati na si maandishi yake. Ukizinakili kwenye diski, umenakili anwani. Ni lazima zipakuliwe kwanza katika muundo wa Word au PDF.

Kuhusu akaunti moja ya wote, sitasema mengi: haionyeshi nani alifuta nini, na mfanyakazi akiondoka anaondoka na ufunguo. Kila mtu awe na akaunti yake, na folda kuu imilikiwe na akaunti ya shirika, si ya mtu binafsi, kwa kuwa akaunti ya mtu ikifungwa faili anazomiliki hutoweka nayo.

Wengine husema: "Ya bure inatutosha." Gigabaiti 15 za Google zinagawanywa kati ya Drive, picha na barua pepe, na zikijaa, barua za mfadhili zinaacha kuingia. Dropbox inatoa 2 tu, na huko folda ya pamoja inahesabiwa kwenye nafasi ya kila mshiriki, wakati Google inamhesabia mwenye faili peke yake.

Wengine tena: "Wingu halifai kwa mtandao wetu." Linafaa, mradi folda iwekwe ikae ndani ya kompyuta, ambapo mtu hufanya kazi bila intaneti na mabadiliko hupanda mtandao unaporudi. Anayenunua mega kwa forfe, yaani kifurushi cha intaneti, ajue pia kwamba Dropbox hukata faili katika vipande vya megabaiti 4 na kupandisha vile tu vilivyobadilika.

Mwisho, wapo wanaodhani kwamba neno "imesimbwa", yaani faili imegeuzwa kuwa maandishi ya siri yanayofunguliwa kwa ufunguo, lina maana kwamba hakuna anayeweza kusoma. Katika huduma nyingi, kampuni yenyewe ndiyo inayoshika ufunguo. Proton Drive ni mojawapo ya zile ambazo ufunguo unabaki kwa mtumiaji, na huko nywila ikipotea bila njia ya kuirejesha iliyoandaliwa mapema, faili haziwezi kusomeka tena. Orodha za wanufaika, zenye majina, simu na vijiji vya watu waliokimbia vita, ningeziweka huko, na nisingezituma kamwe kwa kiungo kinachofunguka kwa yeyote aliye nacho. Tangu sheria ya dijitali ya Kongo ya tarehe 13 Machi 2023, kulinda data za watu si hiari ya shirika.