Nyavu za kukokota hazilimi bahari

Ile meseji ya kwamba meli zinazokokota nyavu chini ya bahari ni kama trekta shambani, eti zinageuza tope, rutuba inapanda na samaki wanaongezeka, imerudi tena kwenye magrupu. Naelewa kwa nini watu wanaiamini, inasikika kama ina akili. Ila mkulima akishalima anapanda mbegu, huku chini hakuna anayepanda kitu, wavu mzito wenye minyororo na milango ya chuma (mabamba yanayoutanua wavu) ukipita unang'oa matumbawe na sponji (wanyama wa baharini wanaojishikiza chini), unafukia viumbe wengine kwa tope, na hizo ndo nyumba samaki wadogo wanamojificha. Baadhi ya matumbawe ya maji baridi yanakua milimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo kilichovunjwa kwa dakika moja kinaweza kuchukua miaka mingi sana kurudi.

Kinachochanganya ni kwamba wavu ukishapita, samaki na kaa kweli wanajaa pale. Wanakuja kula viumbe waliojeruhiwa au kufukuliwa, baada ya muda wanaondoka. Pia madhara hayafanani kila mahali, mchanga unaosukwasukwa na mawimbi kila siku unapona haraka kuliko tope la kina kirefu.

Ukitaka kuhakikisha, tafuta video za kamera za chini ya maji, linganisha eneo lililofungwa, yaani lisiloruhusiwa kukokotwa nyavu, na linalokokotwa. Hata picha za setilaiti zinaonyesha mikia ya tope nyuma ya hizo meli. Tafadhali ikikufikia usiifowadi, mwambie aliyekutumia ukweli wake.