Hivi marini bodi ni nini hasa?

Jamani hili neno linatumika vibaya mpaka basi. Mtu anataka kujitengenezea tenki la samaki la plaiwudi, akiuliza anajibiwa "chukua marini bodi tu, ile haipitishi maji", basi anaenda hadwea anarudi na ile shiti nyeusi inayong'aa, anakata, anapiga skrubu, anapitisha silikoni kwenye kona, anajaza maji. Muda si mrefu kingo zimevimba, maji yanachuruzika kwa chini, na lawama zote anabebeshwa fundi.

Marini bodi, yaani marini plaiwudi, ni plaiwudi ambayo gundi yake haiachii hata ukiichemsha, na matabaka ya ndani hayana mapengo. Basi, hiyo ndiyo maana yake. Kiwango kinachotajwa sana ni kile cha Waingereza, BS 1088.

Sasa angalia ambacho hakimo humo. Kuzuia maji hakumo, kutooza nako hakumo. Marini plaiwudi nyingi nzuri inatengenezwa kwa okume, mti wa Gabon na nchi za jirani, mbao nyepesi safi kabisa ila ukiiacha na unyevu bila kuipaka kitu inaoza vizuri tu, ndiyo maana watu wa boti wanaipaka epoksi (ile resini ya kuchanganya inayokauka ikawa ngumu) na rangi kwanza. Gundi kutoachia maana yake matabaka hayatabanduka, lakini mbao yenyewe inakunywa maji kama kawaida, hasa pale kwenye kingo ulipokata na msumeno.

Halafu kinachoniudhi zaidi, ile nyeusi (au ya kahawia) mnayouziwa kwa jina la marini bodi mara nyingi hata marini siyo. Ile ni plaiwudi ya kumwagia zege. Imebandikwa filimu ya fenoli, aina ya plastiki ngumu, juu na chini ili zege lisinate kwenye ubao, na kingo zimepakwa rangi kiwandani, kwa hiyo siku unayoikata tu ile kinga ya pembeni imekwisha. Ndani mule unaweza kukuta mapengo, sijui vipande vya mti gani. Na hiyo filimu kazi yake ni kutoshikwa na kitu, sasa wewe unataka epoksi ishike juu yake? Mpaka uisugue yote kwa msasa, yaani umeilipia halafu unaanza kuiondoa.

Kwa hiyo kinachozuia maji kwenye tenki la mbao ni kile ulichopaka ndani, si ubao. Kazi ya ubao ni kuhimili msukumo, na huo si mdogo. Chukua tenki la urefu wa sentimita 180, upana 60, maji kina cha 60: hizo ni lita 648, karibu kilo 650 za maji matupu, na upande mrefu mmoja unasukumwa kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 320 hivi. Punguza kina kiwe 30 na msukumo huo unashuka mpaka robo, si nusu, maana kinachofanya kazi hapa ni kina. Upande ukisukumwa unapinda, ukipinda kona inafunguka kidogo, na rangi ngumu iliyokaa peke yake kwenye kona inapasuka. Ukiona tenki linavuja anza kutafuta hapo. Dawa yake ni fremu ya juu ya kuzuia kuta zisitanuke, kona kujazwa ziwe na mviringo, halafu kitambaa cha faibaglasi na epoksi juu yake. Ile resini ya bei nafuu ya poliesta wanayotumia mafundi wa bodi za magari haishiki mbao vizuri kama epoksi, na baadaye huwa inabanduka.

Silikoni nayo isubiri mwisho, kazi yake ni kushikisha kioo cha kutazamia samaki. Ukiitanguliza imekula kwako, rangi wala epoksi haishiki juu ya silikoni. Na usichukue ile ya bafuni yenye dawa ya kuvu, samaki watakufa.

Sisemi marini ya kweli haina faida. Ukiipata na mfuko unaruhusu chukua, skrubu inashika vizuri na hakuna pengo nyuma ya epoksi. Ila plaiwudi nzuri ya kawaida yenye gundi ya kuhimili matumizi ya nje, iliyopakwa ikajaa mpaka kwenye kingo na matundu yote ya bomba, itakaa miaka mingi kuliko marini iliyoachwa wazi.

Kwa hiyo mtu akikwambia tenki lake halivuji kwa sababu katumia marini bodi, usimcheke. Muulize tu kapaka nini ndani, na kingo kazifanyaje.