Orodha ya Darasa Isitoke Shuleni: Kulinda Taarifa za Wanafunzi

Muhula ukianza, shule nchini Uganda hukusanya mengi kuhusu mtoto mmoja: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mwanafunzi (LIN), namba ya kitambulisho cha taifa (NIN) ya mzazi, simu, kijiji, hata ugonjwa anaougua. Yakiwa kwenye faili moja, anayelipata anaweza kumpigia mzazi akijifanya mwalimu, amtajie mwanawe na darasa lake, kisha aombe pesa za hospitali kwa simu. Mzazi atamwamini, maana ni nani mwingine angejua hayo?

Mara nyingi faili hilo halikuibwa na mdukuzi. Lilitumwa na shule yenyewe.

Kosa la kawaida liko kwenye Excel. Karani anaficha safu ya NIN na simu, kisha anawatumia walimu wote. Safu iliyofichwa haijafutwa. Anayelipokea huifichua kwa kubofya mara mbili tatu. Nakili safu zinazohitajika tu kwenye faili jipya, liwekee nenosiri la kulifungua, na nenosiri hilo ulitume kwa njia nyingine, si kwenye ujumbe uleule. Ukichapisha kwenye kafe, fungua faili kutoka kwenye flashi bila kulinakili kwenye kompyuta ya pale, na kabla ya kuondoka toka kwenye barua pepe yako, kisha kagua folda ya vilivyopakuliwa na pipa la taka.

Kundi la WhatsApp la wazazi nalo huonyesha namba ya kila mmoja kwa wote. Kwa matangazo tumia orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast list): kila mzazi hupokea peke yake, mradi amehifadhi namba ya shule. Orodha ya wanaodaiwa karo isiwekwe kundini kamwe. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za fedha na za afya kuwa data maalumu, yenye ulinzi mkali zaidi. Nasi tunaona kuitangaza orodha hiyo ni ukatili kwa mtoto, ambaye kesho atakaa darasani na watoto wa wasomaji wa orodha ile.

Sheria hiyohiyo inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya data ya mtoto, isipokuwa katika hali chache, mfano pale sheria nyingine inapolazimisha. Shule inatakiwa pia kujisajili katika Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, na data ikivuja iarifu ofisi hiyo mara moja. Kwa picha za mtandaoni, weka swali lake pekee kwenye fomu ya kujiunga, lenye nafasi ya kujibu “hapana”. Picha yenye sare, jina na darasa humwelekeza mtu asiyejulikana hadi langoni.

Mwanafunzi akitishwa mtandaoni, usimnyang'anye simu kwa hasira wala kufuta mazungumzo. Andika jina la akaunti, kiungo, tarehe na saa, kisha piga picha ya skrini. Lakini ikiwa ni picha ya utupu ya mtoto, usiipige picha ya skrini wala kuisambaza, hata kwa mwalimu mkuu. Kuisambaza ni kosa la jinai. Zima simu, itunze, ripoti polisi, na piga 116, laini ya Sauti ya kuwasaidia watoto, isiyolipiwa.