Mlango wa Tanuru Hula Mafuta Kuliko Ukuta

Tukienda kwenye kiwanda cha nondo kupima upotevu wa joto, meneja huanza na ukuta: tuongeze matofali ya moto? Mafundi wao hulalamikia mlango. Ukipiga hesabu, mafundi wanashinda.

Tanuru la kupashia vipande vya chuma kabla ya kuvinyoosha kuwa nondo hufika nyuzi 1,200 hivi za Selsiasi. Simama mbele ya mlango ulio wazi, uso unachoma. Jikinge kwa kipande cha boksi: joto linakatika papo hapo, na hewa ni ileile. Huo ndio mnururisho, joto linalosafiri kama mwanga.

Kanuni yake aliitoa Josef Stefan mwaka 1879, na mwanafunzi wake Ludwig Boltzmann akaipatia msingi wa kinadharia mwaka 1884. Chukua Selsiasi, ongeza 273 upate kelvini, ipandishe kwenye kipeo cha nne, kisha zidisha kwa 5.67 × 10⁻⁸. Jibu ni wati kwa kila mita ya mraba. Hiyo 273 ndiyo inayowaponza vijana wa mafunzo kwa vitendo: ukiweka 1,200 badala ya 1,473, jibu linakuwa chini ya nusu.

Jibu sahihi ni kama kilowati 267. Ukumbi wa nyuzi 30 hurudisha nusu kilowati tu, usikusumbue. Tanuru hilohilo likiwa nyuzi 600 hutoa kilowati 33. Selsiasi imeongezeka mara mbili, mnururisho mara nane.

Sasa ukuta. Hapa joto hupita ndani ya tofali, na hesabu ni nyepesi: tofauti ya nyuzi zidisha kwa uwezo wa tofali kupitisha joto, gawanya kwa unene kwa mita. Tofali la sentimita 23, uwezo wa 1.2, ndani nyuzi 1,200 na nje 240, hupitisha kilowati 5 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo mlango wa mita moja ya mraba ukiwa wazi unapoteza joto sawa na ukuta wa mita za mraba 53. Dakika kumi za kuuacha hivyo ni zaidi ya lita nne za dizeli, na hapo sijagusa hewa baridi inayoingia wala moshi unaotoka na joto lake.

Nikifika kiwandani huangalia kwanza chini ya mlango uliofungwa. Mwanya wa sentimita 5 kwenye mlango wenye upana wa mita 1.2 ni kilowati 16. Tukate nusu, maana unene wa mlango hukinga sehemu ya mnururisho: zinabaki 8. Kwa saa 24, ni lita 19 hivi za dizeli, na mlango umefungwa.